Kitenesi, dafu na pulizo: uanze kujifunza katuni kwa karatasi, simu au kompyuta?

"Mjomba, mpira wangu hauna uzito."

Ujumbe huo wa sauti ulitoka Wete, Pemba, kwa mpwa wangu, na nyuma ya maneno yake nilisikia jogoo na mtu akikwangua sufuria. Wiki nzima alikuwa akihangaika kuudundisha mpira kwenye kompyuta ya rafiki yake. Unapanda, unashuka, lakini ukikaribia sakafu unaanza kunyata, unagusa chini kwa adabu kama mtu aliyechelewa sala anayetafuta nafasi kwenye safu, ndipo unapanda tena. Siku mbili baadaye jirani yangu hapa mjini Unguja akanisimamisha mlangoni, kikapu cha sokoni Darajani bado kiko mkononi: "Mwalimu, nimnunulie binti yangu laptopu kwa ajili ya hizo katuni zake, au nimsubirishe?"

Swali lao ni moja, na nalisikia mara nyingi. Anayetaka kujifunza misingi ya kuzifanya picha ziende aanzie kwenye karatasi, kwenye kamera ya simu, kwenye programu ya kuchorea ya simu, au kwenye kompyuta? Nimefundisha kwa njia zote nne, nyingine kwa kupenda na nyingine kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Kila moja inakufunulia kitu na inakuficha kingine. Mimi naona hapo ndipo pa kuchagulia, kabla hata ya kutazama bei.

Kinachofundishwa hasa

Misingi yenyewe haijali chombo. Wachoraji wa Disney waliipata kwa kuchora na kufuta tangu miaka ya 1930, na wawili kati yao, Frank Thomas na Ollie Johnston, wakaipanga kitabuni mwaka 1981 ikawa 12. Anayeanza hahitaji kuibeba yote, mitano inamtosha. Kitu laini hubonyea kinapogonga na hurefuka kinapokimbia. Mwili hujivuta nyuma kabla ya kwenda mbele. Mwendo huanza taratibu na huisha taratibu, isipokuwa pale unapokatizwa na ukuta au sakafu. Viungo hupita kwa upinde, havifuati mstari wa rula. Na kinachoning'inia, kama mkia au ncha ya kanga, huchelewa kuondoka na huchelewa kusimama. Yote hayo yamekaa juu ya muda: ziko picha ngapi baina ya hapa na pale.

Ukitaka kuyaona yote bila kulipa hata senti, nenda Forodhani jioni vijana wanapopiga makachu, yaani wanaporuka baharini kwa mbwembwe kutoka ukingoni. Mtazame mmoja tu. Anarudi nyuma hatua sita saba, anakimbia, mguu wa mwisho unakita ukingoni, magoti yanakunjika na mikono inakwenda nyuma. Huko ndiko kujivuta. Halafu mwili mzima unanyooka kama upondo. Angani anapita kwa upinde, na juu kabisa ya upinde anaonekana kama amesimama kidogo kabla kasi haijamchukua. Kiwiliwili kimeshaanza kushuka, fulana bado inapanda.

Kwa hiyo njia zote nne nimezipima kwa mazoezi matatu yale yale. La kwanza ni vitu vitatu vinavyoanguka kutoka kimo kimoja: kitenesi, dafu na pulizo. Vyote vichorwe duara tupu, bila rangi, ili mtazamaji ajue kipi ni kipi kwa mwendo peke yake. La pili ni tiara yenye mkia mrefu inayovutwa kushoto na kulia. La tatu ni mpiga makachu. Kuna nyumba ambazo kuchora kiumbe chenye roho hakupendwi, na huko huyu wa tatu nambadilisha na kiroba cha unga kilichojaa nusu. Kiroba kinaruka, kinainama, kinachoka, kinanuna, na hakina jicho wala mdomo. Asidhani mtu kwamba amepewa zoezi la huruma. Kiroba cha unga wamepewa wanafunzi wa katuni tangu zamani, na wengi wanakiona kigumu kuliko mtu, maana hakuna uso wa kujificha nyuma yake.

Vya kupimia

Pesa ya kuanzia kila mtu anaiuliza mwenyewe. Cha pili ni umeme na bando. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na aliyekuwapo mjini baina ya Disemba 2009 na Machi 2010 anajua mambo yanavyokuwa waya huo ukiharibika. Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010. Hatukai tena gizani miezi mitatu, lakini jioni moja ya kukatika inatosha kumpotezea mtu kazi ambayo hakuihifadhi.

Cha tatu nakipa uzito kuliko vingine: unapita muda gani baina ya kukosea na kuliona kosa? Mwanafunzi anayeliona kosa lake baada ya sekunde tano anajaribu mara 20 kwa siku. Anayeliona kesho anajaribu mara moja, na kesho kutwa haji. Cha nne ni kile nilichokwisha kukisema, yaani njia inafunua msingi gani na inaficha upi. Cha tano, kazi ikiisha inakwenda wapi.

Neno moja la hesabu kabla hatujaingia ndani. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde. Wachoraji wa mkono mara nyingi huchora 12 tu, kila moja ikaonyeshwa mara mbili. Anayeanza abaki na 12.

Karatasi: kijitabu cha kufyatua

Pesa yake haifiki bei ya kuku wa Sikukuu, wala mguu wake. Karatasi tano za A4, kila moja ikikatwa vipande vinane, zinatoa vipande 40, yaani sekunde tatu na kitu. Penseli, raba, kibanio, kazi imeanza. Karatasi ya fotokopi inalegea kidoleni. Manila nyepesi inafyatuka vizuri zaidi. Hata kaunta buku kuukuu linafaa ukichora kwenye pembe ya chini, na wengi wetu tulianza hivyo skuli, benchi la nyuma, mwalimu akidhani tunaandika notisi. Umeme hauhusiki, wala bando.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu zoezi la mpira halieleweki popote kama linavyoeleweka hapa.

Kipande kikiwa wima kina kimo cha sentimita 10 na nusu. Chora sakafu karibu na ukingo wa chini. Kitu kikianguka kwa nusu sekunde kinashuka mita moja na robo hivi, kimo cha kifua cha mtu mzima, na nusu sekunde kwako wewe ni picha sita. Mtu wa kwanza kuambiwa hivyo atachukua rula agawe nafasi sita zilizo sawa. Asifanye hivyo. Kila muda mdogo unaopita, kitu kinachoanguka hukata masafa marefu zaidi kuliko muda uliotangulia: 1, kisha 3, kisha 5, 7, 9, 11. Ni namba witiri tupu, na jumla yake ni 36. Ukiipa kila moja thamani ya milimita mbili, mpira wako kwenye picha ya kwanza utakuwa milimita 2 chini ya ulipoachiwa, kisha 8, kisha 18, 32, 50, na 72 ndiyo sakafu. Zitie alama hizo pembeni mwa kipande kimoja, kiweke nyuma ya vingine dhidi ya kioo cha dirisha mchana, chora duara kwenye kila alama. Bana. Fyatua.

Nimeona mtoto wa miaka tisa akifyatua kijitabu hicho mara 30 bila kuinua uso.

Kitenesi kikigonga sakafu ngumu hurudi juu zaidi kidogo ya nusu ya kimo kilikotoka, kwa hiyo mdundo wa pili unapata picha nne hivi za kupanda na nne za kushuka. Dafu linashuka kwa alama zile zile, na hapo ndipo mabishano huanza: si zito zaidi? Zito, ndiyo, lakini linaanguka sawa na kitenesi. Uzito wake unauona likishagonga, maana halidundi. Linatikisika mara moja, linajiviringisha nusu mzunguko, basi. Pulizo ndilo linaloivunja hesabu, kwa kuwa hewa inalizuia, na nafasi zake ni karibu sawa karibu tangu mwanzo. Mpira wa mpwa wangu haukuwa kitenesi wala pulizo, lakini tutaufikia.

Kuliona kosa kunachukua muda kiasi: unachora nusu saa ndipo ufyatue. Kulirekebisha ni rahisi, unachomoa kipande kimoja na kuweka kingine. Karatasi inafunua nafasi baina ya picha na picha kuliko njia nyingine yoyote, kwa sababu kila nafasi umeipima kwa mkono wako. Inachoficha ni muda wenyewe. Kidole gumba hakina saa. Leo kinafyatua picha 40 kwa sekunde mbili, kesho kwa nne, na mwanafunzi hajui kama mpira wake ni mzito au kidole chake kimechoka. Tiara inakwenda vizuri. Mpiga makachu anachosha, kwa sababu kila picha unamchora mzima upya, na mkono ambao haujazoea kuchora unampa kichwa kikubwa hapa na kidogo pale.

Kazi yenyewe inakaa mfukoni. Kuituma mpaka uipige picha ukurasa kwa ukurasa.

Simu juu ya meza: picha moja moja

Hapa huchori. Unaweka kitu, unapiga picha, unakisogeza kidogo, unapiga tena. Simu ikiwa tayari ipo nyumbani, vilivyobaki vinatoka jikoni. Programu kama Stop Motion Studio ina toleo la msingi lisilolipiwa. Unaipakua mara moja, kisha unaweza kuzima intaneti. Umeme ni wa kuchaji, na wa taa ukifanya usiku.

Sharti kubwa ni simu isitikisike. Stendi zinauzwa, lakini nimewahi kuona simu imefungwa kwa mipira ya noti kwenye shingo ya mbuzi ya kukunia nazi, ikitazama chini. Nilicheka. Video yake ilitulia kuliko zangu.

Jambo la pili ni mwanga, na hili wengi hawaambiwi. Simu inajirekebisha kila wingu likipita, na video ikishaunganishwa inapepesa kama taa inayotaka kuungua. Kwenye simu nyingi ukishikilia kidole kwenye kioo mwanga unafungwa usibadilike. Kama yako haina hilo, funga dirisha na utumie taa moja. Halafu vua kanzu nyeupe. Nguo nyeupe inarudisha mwanga mezani, na kila ukiinama na kuinuka picha zinafifia na kung'aa. Mimi nilirudia kazi ya asubuhi nzima ya Ijumaa nikiilaumu simu, kumbe kanzu yangu.

Mpira huwezi kuusimamisha hewani, kwa hiyo meza ndiyo inayogeuzwa ukuta na simu inautazama kutoka juu. Ndimu inatosha kwa dafu. Kwa kitenesi finyanga plastisini maumbo matatu ya ujazo ule ule: duara la kawaida, yai la kukimbilia, na andazi lililokaliwa la wakati wa kugonga. Unayabadilisha zamu kwa zamu. Ujazo ukibaki ule ule mpira unaonekana laini. Andazi likiwa kubwa kuliko duara unaonekana umevimba.

Kwenye tiara njia hii haina mpinzani. Ikate kwa karatasi, mkia uwe uzi wenye vifundo saba au vinane. Sogeza tiara peke yake, piga. Sogeza tiara na kifundo cha kwanza, piga. Kifundo cha pili kinafuata kwenye picha inayokuja, cha tatu kwenye ile ya baadaye, na tiara ikishasimama mkia bado una safari. Kuchelewa kwa mkia, ambako kwenye maelezo ni maneno matupu, hapa unakushika kwa vidole. Kiroba nacho kizuri: kishone kwa kitambaa, ukijaze mchele nusu, kinakaa kila pozi unalokipa.

Kosa unaliona mara moja, unabonyeza na video inacheza kwa kasi halisi, picha 12 kwa sekunde bila kubabaisha. Kulirekebisha ndiko kuna balaa. Ukiharibu picha ya 20 halafu ukagundua uko ya 60, zile 40 za katikati zimekwenda nayo. Niliwahi kupanga kete zote 64 za bao ziingie mashimoni zenyewe, moja moja, pale barazani. Picha ya hamsini na kitu paka wa jirani akapanda kuangalia. Hakuna kitufe cha kumshusha paka na kurudisha kete.

Kwa hiyo kinachofichwa hapa ni kupanga mbele. Unakwenda tu, picha baada ya picha, na mpiga makachu wako anaweza kufika majini nusu sekunde kabla hujataka. Inawafaa wasiojiona wachoraji, watoto wadogo, na kikundi chenye simu moja, maana mmoja anapiga, mmoja anasogeza, mmoja anafukuza paka. Video inakuwa tayari kutumwa hapo hapo.

Kuchora ndani ya simu

FlipaClip ndiyo ninayoiona zaidi mikononi mwa vijana. Toleo la bure linabandika nembo yake kwenye video na linabana idadi ya matabaka, yaani karatasi za kioo zinazopangwa moja juu ya nyingine ndani ya programu, jambo ambalo kwa mazoezi yetu halina madhara. Matangazo yake ndiyo yanayokula bando, kwa hiyo zima data ukianza kuchora. Kidole kinatosha, kalamu ya kioo ya bei rahisi inasaidia kidogo, haifanyi muujiza.

Kwenye kigezo changu cha tatu hii inaongoza. Unachora picha tatu, unabonyeza, unaona. Kosa na dawa yake viko sekunde tano mbali. Pia ndiyo njia bora ya kuuelewa muda: michoro ile ile sita uicheze kwa 12, kisha kwa 24, kisha kwa 8, na kitenesi kinageuka risasi, kisha pulizo, mbele ya macho yako, bila kuchora hata mstari mpya.

Lakini urahisi wake una mitego miwili. Mmoja ni kunakili na kubandika. Mwanafunzi anachora duara moja zuri, anabandika mara 12, anasogeza, na mpira haubonyei kamwe kwa sababu kuubonyeza kunataka mchoro mpya. Mpiga makachu aliyebandikwa anapita angani kama muhuri. Mtego wa pili ni kile kivuli cha picha iliyotangulia kinachoonekana chini ya unayochora. Kinasaidia, ila kinamzoesha mtu kutazama hatua moja tu nyuma, na hatua zote zinakuwa sawa. Ukiona mpira unaelea, karibu kila mara ni hilo. Dawa yake ni kuziweka zile alama za 1, 3, 5, 7 kwenye tabaka la chini kabla ya kuanza, kama ulivyofanya kwenye karatasi.

Kioo ni kidogo na kidole kinafunika kile unachokichora, hivyo pinde za mikono zinatoka fupi fupi. Tiara inakubali, ila mkia mrefu unakosa pa kupita.

Na kuna jambo ambalo maelezo ya programu hayaandiki: simu ni ya mama, na Maghrib mama anaitaka simu yake.

Kompyuta

Blender, programu ya kutengenezea katuni kwenye kompyuta, haiuzwi. Ni programu huria tangu mwaka 2002, na wanaofanya kazi ya malipo wanaitumia hiyo hiyo anayoipata mtoto wa Chake Chake. Pesa inakwenda kwenye mashine. Watengenezaji wake wanataka memori isiyopungua GB 8, kwa hiyo anayenunua laptopu ya mtumba aiulize hiyo kabla ya kuuliza rangi, na aongeze mausi yenye gurudumu, kwa sababu kuizungusha kazi kwa kidole kwenye kibao cha laptopu kunakatisha tamaa. Faili la kupakua ni mamia ya MB. Mwombe mwenye intaneti nzuri akutilie kwenye flashi. Laptopu yenye betri nzima inavumilia umeme ukikatika. Kompyuta ya mezani haivumilii, na hapo ndipo mtu anapojifunza kuhifadhi kila dakika tano.

Sasa mpira wa Wete. Nilimwambia mpwa wangu anitumie picha ya kioo chake, na sikushangaa. Alikuwa ameweka alama tatu: juu, chini, juu. Picha za katikati kompyuta inazijaza yenyewe, na isipoambiwa vingine inaanza kila mwendo taratibu na inaumaliza taratibu. Juu hewani hiyo ndiyo sahihi, mpira unapunguza kasi ukifika kileleni. Chini ni kosa, sakafu haiupunguzi mpira mapema, inaukatiza. Kwenye dirisha la grafu, ambalo linauchora mwendo kama mstari, mstari wake ulikuwa mawimbi laini juu na chini. Nikamwelekeza azichukue shikizo za ile alama ya chini, vile vijiti viwili vinavyoupinda mstari, azikunje ziwe kali, mstari uwe kilima juu na V chini. Baada ya dakika kumi akanitumia ujumbe mwingine, safari hii anacheka tu.

Kumbuka lakini kilichotokea. Kompyuta ilimpa "taratibu mwanzo, taratibu mwisho" bure, na kwa kuwa alipewa bure hakujua kwamba ni msingi, wala kwamba una mahali pake. Huo ndio ufichaji wa njia hii. Kwa upande mwingine ile grafu inafunua kitu ambacho karatasi haiwezi: mwendo wenyewe umekuwa mchoro, unaushika na kuuvuta. Pia inamfundisha mtu kupanga pozi kuu kwanza, kujivuta, kuruka, kilele, kugusa maji, ndipo aingie katikati, na mpiga makachu hapa anatoka vizuri kuliko kwingine kote. Umbo lake halibadiliki ukubwa kutoka picha hadi picha.

Wiki mbili tatu za mwanzo, lakini, unajifunza vitufe na si mwendo. Maandishi mengi ni Kiingereza. Kosa la mwendo unaliona upesi. Kosa la kitufe linaweza kukuweka jioni nzima.

Mashine ikiwa dhaifu, Pencil2D ni nyepesi, nayo haiuzwi, na inarudisha uchoraji wa mkono. Ila kuchora kwa mausi ni kama kupaka hina kwa mwiko.

Kwa hali yako

Kama huna simu yako mwenyewe, au uko mahali ambapo chaji ni ya kuhesabu, karatasi inakupa misingi mitatu kati ya mitano bila kumsubiri mtu. Wiki mbili za kitenesi, dafu na pulizo, na chombo chochote utakachopata baadaye utakiingia ukijua unachokitafuta.

Kama una simu lakini mkono wako hauchori, usijilazimishe. Meza, uzi na plastisini. Ukiwa mwalimu wa skuli mwenye watoto 40 na simu moja, vilevile, ila wagawe makundi na kila kundi lipewe kitu kimoja cha kusogeza.

Kama unapenda kuchora na unachora kila siku, programu ya simu itakuongezea majaribio mengi kwa muda mfupi. Jiwekee mwiko: mwezi wa kwanza hakuna kunakili na kubandika.

Kama shabaha ni kazi, matangazo, michezo ya kompyuta, video za kufundishia, basi kompyuta utaifikia tu, na kuichelewesha hakuna faida ikiwa pesa ipo. Lakini mpira wa kwanza uupimie kwenye karatasi, dakika 40 tu, ndipo uufungue Blender.

Jirani yangu nilimwambia asinunue bado. Binti yake ana simu ya mama yake mpaka Maghrib na kaunta buku baada ya hapo, na vitu viwili hivyo vinaungana: achore usiku, na mchana aupige picha kila ukurasa, daftari likiwa limebanwa kwa gundi ya karatasi mahali pale pale mezani, simu juu ya kigoda, bila kanzu nyeupe karibu. Akileta mpiga makachu ambaye fulana yake inachelewa, tutakwenda wote watatu kutazama laptopu.